Nta ya Meli kwenye Gari Jipya

Aprili 2004 nilitumwa Dar es Salaam kuchukua gari ambalo hospitali yetu, huko bonde la Kilombero, ilikuwa imelisubiri tangu kabla mimi sijaajiriwa. Lilikuwa Land Cruiser ya mkonga (lile bomba la kuvutia hewa ya injini linalopanda kando ya kioo cha mbele), nyeupe, ya kubebea wagonjwa, na kwenye dashibodi kilomita hazijafika hata 30. Kabla yake tulikuwa na pikapu moja kuukuu. Mama mwenye uchungu alilazwa nyuma juu ya godoro, na ndugu yake akamtandia kanga juu kwa mikono miwili kumkinga na jua. Nayaeleza haya ili ieleweke kwamba gari lile sikulichezea. Nililolifanya nililifanya kwa mapenzi, na bado nililiumiza.

Nilipolikuta kwenye yadi pale Kurasini nilishtuka. Nilitegemea gari linalong'aa, nikakuta bodi nzima ina utando wa manjano, mzito hapa, mwembamba pale, unanata kidogo ukiugusa. Vumbi la yadi lilikuwa limeganda juu yake pamoja na kinyesi cha ndege na chembe nyeusi kama masizi. Nilikwangua kwa ukucha, kikatoka kitu kama mshumaa. Kijana aliyetushughulikia nyaraka za forodha alikuwa na haraka zake, akanijibu huku anaondoka, "Hiyo nta ya meli, dereva. Chukua petroli lita mbili, inatoka yote."

Nikanunua petroli lita 5. Nikaliegesha gari kando ya barabara, juani, kwenye ule upenyo wa jua kali unaotokea masika kati ya mvua mbili. Nikachana fulana yangu ya zamani, nikaanza na boneti. Nilikuwa nimeshamwaga petroli mara ya pili nilipomsikia mama ntilie aliyekuwa hatua chache kutoka pale akipiga kelele: "Baba! Baba, hiyo si petroli? Mimi nina moto hapa!" Jiko lake la mkaa lilikuwa linawaka chini ya sufuria ya maharage. Nilimwomba radhi, nikalisogeza gari mbele, nikaendelea na kazi. Leo nikimkumbuka mama yule mwili unasisimka. Mvuke wa petroli unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa chini kama maji hadi ulikute jiko la mtu. Mimi nilikuwa naumwaga juu ya bati lililokuwa linachoma mkono.

Kwenye boneti nilisugua kwa nguvu zangu zote. Baada ya muda fulana ikawa nyeupe, nikafurahi, nikajiambia nta inatoka. Sikujiuliza kwa nini nta ya manjano inatoka nyeupe.

Nilimaliza saa saba na nusu mchana. Kioo cha mbele nilikifuta kwa fulana ileile, nikaona njia inaonekana, nikaridhika. Saa nane nikaondoka. Ifakara, kule bondeni kwetu, ni zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar, na siku zile lami iliishia Kidatu. Kutoka hapo ilikuwa vumbi, au tope, ikitegemea Mungu kaleta nini. Nilipanga kulala Mikumi.

Mvua ilinikuta Doma, giza limeshaingia. Nikawasha waipa. Zilipopita mara ya kwanza tu, kioo chote kikageuka maziwa. Si kwamba kilikuwa na maji mengi. Nta iliyobaki ilikuwa imekuwa utando mwembamba, waipa zikautandaza sawasawa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Likija lori kutoka upande wa pili, taa zake zilipasuka kwenye kioo zikawa mwanga mmoja mpana, na ndani ya mwanga ule sikuona ukingo wa barabara, wala mstari, wala chochote. Na mbele yangu ilikuwa hifadhi ya Mikumi. Barabara kuu iendayo Tunduma inapita katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na usiku wanyama wanavuka wanavyotaka. Nilitia maji ya kioo, hali ikazidi. Nilitoa kichwa dirishani, mvua ikanipiga machoni.

Kusimama mle ndani usiku hakufai, na kurudi sikuweza kugeuza kwa sababu ya malori. Nikajibanza nyuma ya semi-trela moja, nikafuata taa zake nyekundu kwa mwendo wa mtu anayetembea na mtoto. Mahali fulani lile lori lilifunga breki ghafla. Nami nikafunga. Kivuli kikubwa kilipita mbele yake taratibu, kisha kingine kidogo kikakifuata. Sikujua ni wanyama gani. Nilikuwa nimeshika usukani nikiwaza jambo moja: wiki ijayo nyuma yangu hapa atakuwa amelala mtu.

Asubuhi yake, kwenye gereji ndogo ya kando ya barabara pale Mikumi mjini, nilimkuta mzee mmoja fundi wa rangi. Nilimpa shikamoo, akaipokea huku macho yake yako kwenye boneti. Alilizunguka gari mara moja, akainama, akapitisha mgongo wa mkono kwenye madigadi, akanusa vidole.

"Nani amelitia petroli?"

"Mimi, mzee."

Hakunigombeza. Alinyamaza kidogo, halafu akaniambia kwamba miaka ya 1980 alifanya kazi kwenye yadi ya bandarini Dar, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kuvua magari mapya nta. Yote ninayoyajua kuhusu jambo hili msingi wake ni siku ile, na mengine niliyathibitisha mwenyewe baadaye kwa magari mengi.

La kwanza alilotaka nilielewe ni kwamba ile nta si uchafu. Kiwanda kinaipulizia kwa makusudi, kwa sababu gari litakaa wiki kadhaa baharini na pengine miezi kwenye yadi. Hewa ya chumvi, masizi ya bomba la meli, kinyesi cha ndege, na zaidi ya yote chembe ndogondogo za chuma zinazorushwa na reli na breki: hizi zikitua juu ya rangi tupu zinajichimbia na kuota kutu, unabaki na vidoto vya rangi ya chungwa. Nta inazidaka zote hizo. "Sasa fikiri, mwanangu," alisema. "Imedaka mchanga na chuma safari nzima. Wewe ukaja na kitambaa, ukausugua mchanga ule kwenye rangi. Umepiga msasa."

Ndipo akanionyesha boneti kwa ubavu, jua la asubuhi likiwa chini. Kulikuwa na miduara, mamia, imefifisha rangi pale katikati ambapo nilisugua kwa bidii zaidi. Rangi nyeupe ya gari lile haikuwa na lakiri, ule utando mwangavu wa juu ambao rangi za metaliki huwa nao, kwa hiyo weupe ulioingia kwenye fulana yangu ulikuwa rangi yenyewe. Rangi yote ya kiwandani, tangu bati hadi juu, unene wake ni kama unywele mmoja au miwili. Nilikuwa nimeiondoa nikitabasamu.

Na petroli? "Petroli inakimbia," alisema. Inayeyusha nta vizuri sana, ila inarukia hewani kabla hujafuta, na nta inabaki palepale imejipaka upya, nyembamba na ngumu kuiona. Kioo changu kilikuwa ushahidi. Petroli pia ilikuwa imekula kava la indiketa: ile plastiki ya rangi ya chungwa ilikuwa na nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Mkonga, ambao ni plastiki nyeusi yenye chembechembe, ulikuwa na mabaka meupe kwa sababu nta iliyoyeyushwa ilikuwa imezama kwenye vishimo vyake na kukaukia humo.

Nilimpigia matroni simu nikamweleza kwamba nitachelewa siku moja, na sababu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Hicho kioo, ukitoka hapo utaona usiku?" Nikamwambia nitaona, mama. Akasema basi, fanyeni.

Tuliliingiza gari chini ya mwembe, tukasubiri bodi ipoe. Mzee aliweka kiganja juu ya boneti na kusema kazi haianzi mpaka bati liwe la baridi kama mtungi wa maji. Alitumia mafuta ya taa, na hayo nayo si ya kuchezewa: mvuke wake unaweza kuwaka yakishafika joto la nyuzi 38 hivi, na boneti iliyokaa juani Dar au Morogoro inapita hapo kwa urahisi. Ndiyo maana ya kivuli. Moto wote ulikuwa mbali, na maji yalichemshiwa nyuma ya nyumba.

Kabla ya kitambaa chochote kugusa gari, maji. Maji mengi, kuanzia kwenye paa kushuka, kwa mpira, dakika zaidi ya 20, mpaka mchanga wote usioshikwa na nta umekwenda. Halafu maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, yakimwagwa pole pole upande mmoja mmoja. Nta za aina ya mshumaa nyingi huyeyuka kati ya nyuzi 46 na 68, kwa hiyo maji yasiyochemka hayaiyeyushi yote, ila huilainisha ikaachia mchanga iliokuwa imeushika. Kwenye kioo hatukumwaga maji ya moto kabisa. Kioo cha baridi kikipigwa na maji ya moto kinaweza kupasuka.

Vitambaa vyake vilikuwa vipande vya kanga zilizochakaa. Alikuwa amezikata upindo wote, kwa sababu uzi wa upindo ni mgumu na unachora. Kila kipande alikikunja kikawa tabaka nne, akakilowesha mafuta ya taa bila kukiacha kidondoke, akakilaza juu ya rangi na kukipitisha bila kukandamiza, kwa mstari ulionyooka. Miduara hakuitaka. Akasubiri dakika mbili, akafuta kwa kipande kikavu, akageuza upande. Pande nane zikiisha kipande kinawekwa kando, hata kama bado kinaonekana safi. Eneo moja halikuzidi ukubwa wa trei ya chai. Mimi nilitaka kwenda haraka, akanishika mkono: "Acha mafuta yafanye kazi. Wewe kazi yako ni kuyapokea."

Tulifanya hivyo tangu saa tatu hadi saa tisa alasiri.

Baada ya mafuta ya taa, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mara mbili, na maji mengi, maana mafuta ya taa nayo yanaacha utando wake na hayafai kukaa kwenye raba za milango. Raba ikinywa mafuta inavimba na kulegea. Mzee alizifuta raba zote kwa sabuni palepale, hakusubiri zamu yake ifike. Kwenye matairi ya mbele alitundika magunia kuziba diski za breki, akaniambia pedi ikinywa mafuta haifai tena, ibadilishwe. Mkonga na plastiki nyingine nyeusi tulizisugua kwa mswaki wa zamani, maji ya uvuguvugu na sabuni, mara tatu. Mabaka yalipungua sana. Hayakuisha.

Kioo kilichukua saa nzima peke yake, na sikuona ni muda mwingi. Mafuta ya taa, sabuni, kisha spiriti, kisha gazeti lililofinyangwa. Halafu mpira wa waipa zenyewe, ambao mimi nisingeukumbuka kamwe: ulikuwa umejaa nta, na ungeirudisha yote kwenye kioo mvua ya kwanza. Aliufuta kwa spiriti mpaka kitambaa kikaacha kutoka cheusi.

Kujua kama nta imekwisha alitumia kikombe cha maji. Unamwaga juu ya paa. Maji yakijikusanya na kuwa matone ya duara yanayokimbia, nta bado ipo. Yakitandaa na kushuka kama shuka, rangi iko tupu. Kisha akavaa mfuko wa rambo mkononi (siku hizo ilikuwa bado inauzwa, marufuku ilikuja Juni 2019) akapitisha vidole juu ya rangi iliyolowa. Ndani ya nailoni vidole vinasikia chembe ambazo ngozi tupu haizisikii. Kwenye mlango wa nyuma zilibaki chache. Hakuzikwangua. Alirudia mafuta ya taa na sabuni pale, basi.

Nilimwomba aipige boneti polishi ya kukata ili miduara ipotee. Alikataa. Alisema polishi inaondoa rangi ili kusawazisha, na pale nilipokuwa nimeshaondoa hakutaka kuondoa tena. Badala yake alitoa kopo dogo la nta ya kupaka, ile itokanayo na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya minazi, karnauba, ambayo haiyeyuki mpaka nyuzi zaidi ya 80 na kwa hiyo jua letu haliiwezi. Akapaka gari zima kwa utando mwembamba sana. Rangi iliyovuliwa nta ya meli isilale uchi, alisema, hasa linakokwenda kwenye vumbi jekundu.

Maji yote machafu tuliyaelekeza kwenye shimo alilokuwa amelijaza maranda na mchanga, yasifike mtaroni. Vile vitambaa alivitandaza kimoja kimoja kwenye uzio, mbali na nyumba. Kuvirundika, alisema, ni kuandalia moto kitanda.

Jambo ninalolishukuru kuliko yote lilikuja jioni, gari likiwa limekauka. Niliona chini ya mlango wa dereva kuna tone la kitu cha kahawia, kama asali nzito, linatoka kwenye kitundu kidogo. Nikachukua kitambaa. Mzee akasema, "Hiyo iache."

Nta ziko mbili. Ya nje ni ya safari, ikifika inaondolewa. Nyingine iko ndani ya milango, kwenye mifupa ya bodi, juu ya chesisi na chini ya sakafu, na hiyo ni ya maisha yote ya gari. Inaingia kwenye maungio ya bati ambako rangi haifiki, na joto likizidi inalainika, inatiririka kidogo kupitia vitundu vya kutolea maji. Mtu akiiona anadhani ni oili inavuja au uchafu. Anachotakiwa kufanya ni kuhakikisha vitundu havijazibwa nayo, kwa sababu maji ya mvua yakikosa pa kutokea yanakaa ndani ya mlango na kuulia bati humo humo. Alivunja njiti ya kiberiti, akafungua vitundu vya milango yote kimoja baada ya kingine, nami nikimshikia tochi.

Nimeona kinyume chake mara nyingi. Gari jipya linapelekwa kwenye mashine ya presha, vijana wanalipuliza dizeli chini "ling'ae", dizeli inaiosha ile nta ya kahawia, na bushi za raba nazo zinaanza kuvimba. Magari mawili niliyoyajua, ya rika moja na letu, yalitoboka chini ya milango yakiwa bado yana injini nzuri. Letu tulilitumia miaka 14 kwenye barabara ileile, na chini ya milango halikutoboka. Boneti, hapana. Hadi siku linaondoka, ukilitazama asubuhi kwa ubavu uliiona ile miduara.

Siku hizi magari mapya mengi hayaji na nta nje. Yanakuja na nailoni nyeupe iliyogandishwa kwenye boneti na paa. Watu wanaiacha kwa miezi, wengine wakisubiri mgeni rasmi aje akabidhi. Gundi yake inapikwa na jua na kushikana na rangi, na ukiibandua kwa nguvu inaacha vipande au alama ya mpaka wake. Miaka michache iliyopita tulipokea gari la namna hiyo, na kijana aliyekabidhiwa alitaka kungoja sherehe. Nilimwomba tulibandue siku ileile, alfajiri, bati likiwa la baridi, tukivuta nailoni taratibu kwa kuilaza kinyume, karibu na rangi, siyo kuinyanyua juu. Palipobaki gundi tulitumia mafuta ya taa na kipande cha kanga kisicho na upindo, na sabuni mara mbili. Kioo na waipa nilivifanya mwenyewe.

Mchana jua lilipopanda, kijana akaniita. Alikuwa amechuchumaa kwenye mlango wa nyuma, kitambaa mkononi.

"Mzee, hapa inavuja kitu cha kahawia. Nifute?"

Nikamwambia aweke kitambaa chini, atafute njiti ya kiberiti.